Mstari Aliousahau Mama Malaki

Tiketi ya treni ya kwenda Kambove ilikuwa juu ya meza, imebanwa na kikombe ili upepo usiichukue. Edouard Kasonde aliiweka hapo Jumanne jioni aliporudi kutoka ofisi ya mizigo. Alivua koti, akalitundika, akakaa, na kabla hata ya kunawa mikono akamwambia mkewe kwamba mama mkwe bila shaka amemkumbuka sana binti yake. Mutale alikuwa anasonga bukari, ugali wa kule. Hakugeuka. Tangu waoane Edouard hakuwahi kumtaja mama mkwe ila alipotaka kumlalamikia, kwa hiyo Mutale alijua kuna neno linakuja nyuma ya neno.

Lilikuja kwa kujikongoja. Jumamosi tume ingepita nyumbani. Mwaka ule wa hamsini wakubwa wa serikali ya Wabelgiji walikuwa wakizunguka mitaa ya weusi ya Élisabethville, wakichagua watu wa kupewa kadi ya heshima, kadi ya évolué, yaani mweusi aliyehesabiwa kuwa amestaarabika. Mwenye nayo aliweza kupita mji wa wazungu baada ya giza kuingia bila kukamatwa na polisi. Aliweza kununua divai bila kujificha, na fimbo ya gerezani haikumgusa. Edouard aliitamani kadi hiyo mpaka usingizini. Alishaupaka ukuta chokaa, na alishaazima viti vinne, kitambaa cha meza, sahani za maua na uma zake. Kilichobaki kumsumbua ni mke. Rafiki yake Pierre Chomba, karani mwenzake na mtu aliyejua mambo yote kabla hayajatokea, alimwapia kwamba tume inamtazama mke kuliko inavyoitazama meza. Mtu mmoja wa mtaa wa Kenya, pale pale mjini, alisema, amenyimwa kadi kwa sababu mkewe hakujua kuandika jina lake.

"Mama Mwape," Edouard akasema, akimwita kwa jina la binti yao mkubwa, na upole wake ulitisha, "weye haujue kusoma. Haiko kosa yako. Lakini banakuja kuuliza bintu. Enda ku Kambove siku saba tu. Bikipita, utarudia."

"Na bakiuliza bibi yako iko wapi?"

Edouard akavitazama viatu vyake. Akaeleza kwamba Chomba amelipanga hilo pia. Ana binamu yake, Régine, msichana aliyefundishwa na masista kushona, kuandika na kutandika meza. Huyo angekuja kukaa kwenye kiti cha mke kwa saa moja. Saa moja tu, akarudia, kama mchuuzi anayekushawishi kwamba bei si kubwa.

Mutale akapakua chakula katika sahani zao mbili za bati, nyeupe, zilizobanduka rangi ukingoni. Sahani hizo mshenga wa Edouard ndiye aliyezileta kwao Kambove, moja ikiifunika nyingine, shanga zikiwa ndani, kama Wabemba wanavyofanya wanapoomba mchumba. Na bado alimwekea mumewe kipande kikubwa cha samaki, maana mkono umezoea. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Edouard, kama waume wengi, akauhesabu ukimya ule kuwa ni ndiyo, akala akashiba.

*

Lazima nieleze jambo moja la kanisa lao, maana bila hilo hadithi hii haina miguu. Katika kanisa dogo la Waprotestanti pale mtaani kulikuwa na chama cha wamama kumi na wawili, na kila mmoja alibeba nabii. Siwaongelei manabii wakubwa ambao hata walevi wanawataja. Nawaongelea wale wadogo wa mwisho mwisho wa Agano la Kale, ambao wahubiri huwaruka kwa kuwa kurasa zao hazionekani upesi. Kila mama alikariri kitabu chake, mwenye kirefu akipunguziwa, na siku ya sikukuu ya mavuno alisimama mbele ya watu mikono mitupu akakisema chote. Mavuno yenyewe yalinunuliwa sokoni, lakini hayo tuyaache. Mwaka mzima mtu aliitwa kwa jina la nabii wake. Ukisikia mtu anapiga hodi na kuuliza kama Mama Habakuki ameamka, ujue yuko mtaani kwao.

Nyuma ya kila mama alisimama mtu anayejua kusoma, mshika kitabu. Mama akisahau, mshika kitabu husoma mstari ule kwa sauti mpaka kanisa zima lisikie, kisha mama anaurudia na kuendelea. Mara nyingi kazi hiyo ilikuwa ya mume, na nyumba ilijivunia kuonekana hivyo, mke mbele na mume nyuma. Edouard alikuwa ameikataa. Alisema yeye anasoma Kifaransa, na Kiswahili cha manabii ni cha watu wa jikoni. Mutale alimeza aibu hiyo mbele ya wenzake wote. Mkubwa wa chama, Mama Albertine, ambaye nabii wake alikuwa Hagai ingawa kwa heshima ya ukubwa aliitwa kwa jina lake mwenyewe, akajitolea kumshikia yeye.

Mutale aliingia chamani wa mwisho, na wa mwisho hupewa kitabu cha mwisho. Basi alikuwa Mama Malaki. Kusoma hakujua, lakini alichokisikia mara mbili hakikumtoka tena. Kila asubuhi, wakisubiri ndoo kujaa penye bomba, Mama Albertine alimsomea mistari michache, naye akarudi nayo nyumbani pamoja na maji. Sura ya kwanza ilimchekesha sana. Watu wanamletea Mungu ng'ombe kipofu na mbuzi kiguru, na nabii anawaambia, haya, mpelekeeni mtawala wenu, tuone kama atafurahi.

Jumatano ile, asubuhi baada ya tiketi, ilikuwa zamu ya mistari ya katikati. Hakuna aliyeichagua. Ilifuata tu iliyotangulia. Mama Albertine akapangusa miwani, akasoma kama alivyosoma siku zote, bila haraka:

"Munauliza, juu ya nini Mungu anakataa zawadi yetu? Ni sababu Mungu alikuwa shahidi kati yako na bibi ya ujana yako, ule mwenye ulimudanganya, hata kama yeye njo mwenzako, bibi ya agano yako."

Ndoo ilijaa, ikafurika, maji yakamlowesha Mutale miguu naye asisogee. Akaomba asomewe tena. Akaomba mara ya tatu, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Mama Albertine akafunga bomba, akafunga na kitabu, akamtazama usoni. Hapo Mutale akasema yote, tiketi, saa moja, sahani za maua na msichana wa masista. Alisema huku akilia waziwazi, na wanawake waliokuwa nyuma kwenye foleni wakajifanya wanatazama mawingu.

Mama Albertine hakutoa hotuba. Alimwambia tu asipande treni, na ajifunze mistari iliyobaki, maana sikukuu ni Jumapili.

*

Jioni hiyo Mutale alimwambia mumewe kwamba Kambove ni mbali na watoto wawili ni wengi kwa safari. Siku ya tume yeye na watoto watakuwa kwa Mama Albertine. Edouard alifurahi mpaka akasahau kuudhika. Akaongeza, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, kwamba Ijumaa Régine atapita kidogo, ili aonyeshwe chumvi inakaa wapi.

Sijui kama kuna mwanaume aliyewahi kumwomba mkewe jambo la ajabu kuliko hilo. Lakini Régine alikuja kweli, amevaa gauni la rangi ya maziwa na viatu vilivyombana, akasimama mlangoni akisema "Hodi, yaya," yaani dada, kwa adabu ya mtoto wa watu. Mutale akamkaribisha. Akamwonyesha chumvi. Akamwonyesha kabati lenye bawaba mbovu inayotaka kuinuliwa kabla ya kuvutwa, na mahali ukuta unapovuja, palipositiriwa na picha. Akamwambia mtoto mdogo hali vitunguu, na Mwape, mkubwa, akiitwa mara moja haitiki, lazima umwite mara mbili. Alikuwa anayataja maisha yake yote, kitu kwa kitu, kwa mtu atakayeyakalia. Alipofika kwenye sahani mbili za bati hakuziona. Edouard alikuwa amezisukuma chini ya kitanda.

Akainama, akazitoa, akazifuta kwa kitenge chake. Régine alipomwona amepiga magoti akipangusa vile, uso ukamwanguka.

"Yaya," akasema, "Chomba alisema weye mwenyewe njo ulitaka kurudia kwenu."

"Kurudia wapi? Ni saa moya tu, banasema."

Msichana akakaa kwenye kiti cha kuazimwa, akavua viatu. Akasema polepole kwamba jina lake limekwishaandikwa. Kwenye karatasi ya maombi, mahali pa mke, pameandikwa Régine, na Edouard ametia sahihi. Kadi ikitoka, nyumba itaandikwa vile vile, na Chomba anahesabu kwamba baada ya hapo mambo yatajipanga yenyewe, na binamu yake atabaki mke wa mwenye kadi. Mutale hakuhitaji kuelezwa zaidi. Kila mwanamke wa mtaa alijua sheria. Asiyekuwa na mume kwenye karatasi hakuwa na ruhusa ya kulala mjini, polisi alimpeleka stesheni, na watoto walibaki na baba. Saa moja ya Edouard ilikuwa na mkia mrefu.

Je, Edouard alilijua hilo alipotia sahihi? Nitasema ninavyoamini. Alijua vya kutosha kuogopa kuuliza. Kuna watu hufumba macho kabla ya kuingia mahali, halafu huapa kwamba hawakuona kitu.

Mutale alimmiminia Régine kikombe cha munkoyo baridi, kinywaji cha unga wa mahindi na mizizi, wakanywa wote wawili. Msichana alikuwa analia na kamasi zinamtoka. Alitaka kujua afanye nini. Mutale akamwambia aje kesho kama alivyopangiwa, avae vizuri, na akae alipoambiwa akae.

*

Alasiri hiyo hiyo wamama wakakutana uani kwa Mama Albertine. Ilipaswa kuwa mazoezi ya sikukuu. Yakageuka kuwa baraza, na kila mmoja akashauri kwa kadiri ya nabii aliyembeba mwaka mzima.

Mama Nahumu, ambaye kitabu chake kimejaa moto na magari ya vita, alishauri wavunje kila sahani ya maua iliyomo mle ndani. Mama Yona alionelea Mutale apande tu treni, atulie kidogo mbali na uso wa mtu huyo. Wakamwambia anyamaze, maana yeye tangu apewe kitabu hicho hutaka kila mtu akimbie. Mama Habakuki akasema jambo likichelewa lingojewe, halina budi kuja. Mama Hosea, mwenye roho laini, akaanza kuongea juu ya kusamehe, lakini Mama Amosi akamkatiza, akisema kwamba haki kwanza, isemwe langoni, mchana kweupe, watu wakisikia. Mama Obadia kitabu chake ni kifupi kuliko vyote na maneno yake vile vile. "Kile ulifanya, utafanyiwa," akasema, akaendelea kuchambua sombe, majani ya muhogo.

"Na weye, Mama Malaki?" Mama Albertine akauliza. "Yako inasema nini?"

Mutale alikuwa na jibu tayari. Tangu Jumatano alikuwa analigeuza neno moja tu kichwani. Akasema nabii wake hakuzungumza habari ya kupigana, wala ya kukimbia. Alisema shahidi. Na shahidi havunji kitu. Shahidi anakuja, anasimama, anasema alichokiona, basi.

"Ntaenda," akasema. "Lakini mwenye kushuhudia peke yake banamuita mwongo."

Mama Nahumu alikuwa wa kwanza kuuliza waende saa ngapi.

*

Jumamosi tume ilifika ikiwa watu wawili, mzungu mmoja wa serikali aliyekijua Kiswahili kama wazungu wa kazi walivyokijua, na Mwalimu Mwansa, mzee mweusi mwenye tai nyembamba, aliyekuwa anakaa kwenye tume kwa niaba ya wakazi. Tusimwonee Régine, alifanya vizuri. Alimimina kahawa bila kumwaga. Aliinua bawaba kabla ya kuvuta kabati. Aliulizwa kwa Kifaransa juu ya usafi wa watoto akajibu kwa Kifaransa kisicho na doa. Edouard alikuwa ameanza kunyoosha mabega, na jasho la mgongoni lilikuwa linakauka, pale mlango wa mbele ulipofunguliwa.

Mutale hakupita nyuma kwa jikoni. Alikuwa amevaa kitenge chake kizuri na kilemba kipya. Akapiga magoti kizingitini, akapiga makofi taratibu, kama binti wa Kibemba anavyowaamkia wakubwa. Mzungu akamtazama, akauliza kwa Kiswahili yeye ni nani.

"Ni mutumishi ya nyumba, bwana," Edouard akajibu haraka.

Neno lile lilimpiga Mutale kuliko tiketi, kuliko karatasi, kuliko yote. Angekuwa amekuja na hasira tu, angelia. Lakini alikuwa amekuja na kazi ya kufanya. Akasimama.

"Bwana, mimi sijue kusoma," akasema. "Nilikuja kusema tu kile niliona. Niliona kijana moya ku Kambove, hakukuwa na viatu, alikuwa anasoma ku shule ya misheni. Nilikuwa napika munkoyo, nauzisha ku bantu ya mine ya shaba, juu yeye asome. Niliona sahani mbili, moya inafunika ingine, muntu wake alizileta ku mama yangu. Niliona batoto bawili banazaliwa mu chumba ile pale. Ule kijana njo huyu. Muulize kama nadanganya."

Mzungu akageuka dirishani. Nje, kwenye ukingo wa ukuta, walikuwa wamekaa wamama kumi na mmoja, mikono mapajani, hawasemi kitu, wanatazama ndani. Mwape alikuwa katikati yao amempakata mdogo wake. Majirani wa mtaa mzima walikuwa wameanza kukumbuka kwamba wana shughuli upande ule.

Régine akainuka kwenye kiti, akaenda kusimama karibu na ukuta. Kiti cha mke kikabaki kitupu, na hakuna aliyekikalia.

"Kasonde," Mwalimu Mwansa akasema kwa sauti ya chini. "Bibi yako ni nani?"

Edouard aliweka kikombe chake mezani. Alitazama kitambaa cha kuazimwa, uma za kuazimwa, kahawa iliyokuwa inapoa. Alimtazama binti yake dirishani, naye Mwape akamtazama bila kupepesa, mtoto yule asiyeitika akiitwa mara moja. Nadhani hapo ndipo alipofumbua yale macho aliyoyafumba siku ya sahihi.

"Ni yeye," akasema. "Mutale. Ni yeye tu."

Mzungu akachomoa kalamu, akakata jina kwenye karatasi kwa mstari mmoja mnene. Akamwuliza Mutale jina lake lote, akaliandika pale juu. Kisha akakunja karatasi, na kwa mara ya kwanza akacheka, cheko kavu.

"Iko bantu benye kupata kadi, na bibi yao hajue kusoma," akasema. "Lakini muntu mwenye kukopa bibi sawa vile anakopa sahani? Apana, Kasonde. Mwaka ingine."

Mwalimu Mwansa alipokuwa akitoka alimweleza Edouard, kwa huruma inayouma kuliko tusi, kwamba yule mtu wa mtaa wa Kenya alinyimwa kadi kwa kuwa na wake wawili. Habari ya kuandika jina haikuwahi kuulizwa. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na Edouard alikuwa ameivaa mbele ya mtaa mzima. Uani wamama wakasimama wote pamoja, wakakung'uta vitenge. Mama Obadia akasema si aliwaambia.

*

Jioni viti vilirudishwa kwa wenyewe, na kitambaa, na sahani za maua. Nyumba ikabaki na vitu vyake. Chomba hakuonekana. Edouard alikaa juu ya sanduku, akasema nisamehe, akalisema tena. Mutale alimsikia vizuri. Hakumjibu kwamba amemsamehe, kwa sababu ilikuwa bado, na hakuwa na desturi ya kusema lisilokuwepo.

Alimwambia kesho ni sikukuu ya mavuno, na kwamba atamshikia kitabu.

Edouard alikubali hata kabla neno halijaisha. Alitegemea atafukuzwa kitandani, ataitiwa wazee, atapelekwa mbele ya mchungaji. Kushika kitabu nyuma ya mwanamke ambaye mji wote unajua hasahau neno, hiyo ilikuwa adhabu gani? Alilala kwa amani kuliko alivyostahili.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani, maana habari ya Jumamosi ilitembea mtaani upesi kuliko baiskeli. Mahindi, maboga na ndizi za sokoni zilipangwa mbele ya mimbari. Manabii wakapita mmoja mmoja. Mama Hosea akalia kidogo, kama kila mwaka. Mama Obadia akamaliza kabla watu hawajakaa sawasawa. Mama Albertine, katika Hagai, alipouliza kama ni wakati wa kukaa katika nyumba zenye dari na kuiacha ya Mungu ikiwa gofu, alilitazama paa la kanisa linalovuja na baadaye akamtazama mweka hazina.

Wa mwisho alikuwa Mutale. Akasimama mikono mitupu. Nyuma yake Edouard, amevaa suti, kitabu wazi, kidole juu ya mstari. Mutale akaanza, na sauti yake ilikuwa imetulia, inasikika mpaka nje. Alipofika kwenye mbuzi kiguru na kuwaambia watu wampelekee mtawala waone kama atafurahi, kanisa likaangua kicheko, na Edouard akainamisha kichwa karibu na kurasa. Sura ya kwanza ikaisha. Ya pili ikaenda vizuri, makuhani wakapata yao. Akasema, munauliza, juu ya nini Mungu anakataa zawadi yetu.

Akanyamaza.

Watu wakangoja. Mtoto akakohoa. Mutale alikuwa anatazama mbele, uso hauna wasiwasi wowote, mikono imetulia. Mama Albertine kwenye benchi la kwanza aliyatazama maboga kwa bidii kubwa, midomo ameibana. Hapo Edouard akaelewa. Nikisema kwamba masikio yalimwaka, mliokuwepo mtaniunga mkono. Desturi ilikuwa wazi. Mama amesahau, mshika kitabu asome.

Akasoma. Kiswahili kile cha jikoni kilimtoka kidogo kidogo, kwa ndani.

"Hatusikie," akasema Mama Nahumu.

Edouard akakiinua kitabu. Akasoma tena, sasa mpaka madirishani: Mungu alikuwa shahidi kati yako na bibi ya ujana yako, ule mwenye ulimudanganya, hata kama yeye njo mwenzako. Alipofika kwenye neno mwenzako sauti ikapasuka. Mutale akavuta pumzi ili aurudie mstari, kama ilivyo desturi. Lakini Edouard alikuwa hajamaliza. Alifunga kitabu, akatoka nyuma akaja mbele, mahali ambapo mshika kitabu hasimami kamwe, akamgeukia mkewe mbele ya watu wote. Akausema mstari ule mara ya tatu, na hakuna aliyekuwa amemwomba. Hakuwa anasoma tena.

Mutale alimtazama mumewe, na msamaha uliokuwa bado jana yake ulimjia pale. Kwa sauti ya watu wawili tu akamwambia ndiyo, amesikia. Kisha akawageukia watu, akaurudia mstari, akaendelea. Hakusimama tena mahali. Alipita moto wa msafishaji, alipita zaka na madirisha ya mbinguni, mpaka kule mwisho ambapo jua la haki linawachomozea wanyonge nao wanatoka wakirukaruka kama ndama waliofunguliwa zizini. Hapo wamama hawakungoja mchungaji afunge ibada. Mama Nahumu akapiga kigelegele, Mama Yona akamfuata, na wote kumi na mmoja wakamchukua Mama Malaki katikati, wakatoka naye nje kwa kuruka, vitenge vinapepea, wanawake wazima wenye wajukuu. Mtaa mzima ukatoka kuwatazama. Régine alikuwa nje dirishani, amevaa viatu vingine, vipana. Mama Albertine alimshika mkono akamwingiza katika duara.

Walimtania Mutale mpaka Krismasi kwa mstari alioupoteza, naye alikubali kosa kila mara bila kubisha.

Mchana ule walikula nyumbani, bukari na sombe, kwenye zile sahani mbili za bati. Mwape aliitwa mara mbili akaja. Kabla hawajaanza, Edouard alichukua birika la maji kutoka mikononi mwa mkewe, akamnawisha.